Kuharibu, Kubomoa, Kuangamiza: Historia ya Kitenzi Kimoja cha Kiingereza huko Dzaleka

Mwanafunzi wa Kiingereza akutanapo kwa mara ya kwanza na kitenzi "destroy" huambiwa kuwa maana yake ni kuharibu. Huandika hivyo katika daftari lake, na jambo huishia hapo. Baada ya majuma mawili simu yake ikikataa kuwaka, husema kwa Kiingereza, tena kwa kujiamini kabisa, kwamba simu imekuwa "destroyed", na Mwingereza amsikilizaye hudhani kuwa imepondwa kwa nyundo au imeungua motoni. Kosa hili ni dogo na husahihishwa kwa kicheko. Lakini liko kosa la upande wa pili, nalo si la kuchekwa: mtu asemapo kwa Kiswahili kwamba nyumba yake iliharibiwa, na mkalimani akaandika neno la Kiingereza lenye maana ya kupata dosari tu, ilhali nyumba yenyewe haikubaki hata tofali juu ya tofali.

Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya vitenzi hivyo, na mahali palipochaguliwa ni Dzaleka, nchini Malawi, kwa kuwa ni mahali pachache ambapo Kiswahili, Kichewa, Kirundi, Kinyarwanda na Kiingereza hukutana kila siku katika soko moja, na ambapo karibu kila mtu mzima ana jambo la kueleza linalohitaji vitenzi hivyo.

Dzaleka iko katika Wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita 45 hivi kaskazini ya jiji la Lilongwe. Msafiri atokaye jijini hupita Lumbadzi, mji mdogo ulio jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kamuzu, kisha huiacha barabara kuu. Kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi, mahali hapo palikuwa gereza lililoogopwa sana, ambamo Serikali ya Dakta Hastings Kamuzu Banda iliwafungia wapinzani wake. Jina lenyewe huelezwa kuwa latokana na kitenzi cha Kichewa kuleka, yaani kuacha, pamoja na kiambishi cha wakati ujao. Ni kana kwamba mfungwa anatamkishwa kwamba amekoma, hatarudia tena. Mrundi halihitaji kufasiriwa neno hilo, maana kwao kuacha ni kureka. Mwaka 1994 utawala wa Banda ulipoanguka katika uchaguzi, na maelfu ya watu wakawa wanazikimbia Rwanda na Burundi, mahali hapo palifanywa kambi. Vita vya Kongo vya mwaka 1996 na vile vya mwaka 1998 viliongeza watu, na leo Wakongo ndio walio wengi. Kambi ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000. Kiswahili ndicho kiungo cha wengi wao, nao watoto husomeshwa kwa mtaala wa Malawi, yaani kwa Kiingereza na Kichewa.

Tuanze na neno haribu lenyewe. Si neno la asili ya Kibantu. Lilitoka katika mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti kh, r na b, ambao katika lugha hiyo huhusu hasa ukiwa wa majengo na wa miji. Pwani yetu ililipokea, ikalipunguzia ukali wa konsonanti ya kwanza katika usemi wa wengi, kisha ikalipanua kupita kiasi. Maziwa huharibika, na saa huharibika, na shughuli huharibika, mtoto huharibika tabia, mimba huharibika, mtu huharibu jina lake, huharibu fedha zake, na mji huharibiwa na vita. Kutoka saa iliyosimama hadi mji uliotekwa, kitenzi ni kile kile. Jambo pekee ambalo haribu hudai ni kwamba kitu kilikuwa chema na sasa si chema tena. Hakisemi kama kinaweza kutengenezwa.

Kiingereza nacho hakikuzaa kitenzi chake. "Destroy" kiliingia katika lugha hiyo kutoka Kifaransa cha zamani, baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, na Kifaransa kilikirithi kutoka Kilatini, ambako kiliundwa kwa kitenzi chenye maana ya kupanga au kujenga kilichotanguliwa na kiambishi cha kutengua. Kwa hiyo kwa asili yake neno hilo ni kinyume cha kujenga. Ndiyo sababu kwa kawaida halitumiki kwa simu iliyokataa kuwaka: kitu kilichotenguliwa namna hiyo hakitengenezwi, hujengwa upya.

Walimu wa Kiingereza wa mbali na kwetu wanalijua tatizo hili. Chukua Korea. Mkorea anayejifunza kitenzi hicho hupewa katika kamusi neno pagoehada, ambalo sehemu yake ya kwanza ilitoka Uchina pamoja na maandishi, elimu na mambo ya serikali. Hadi mageuzi ya mwaka 1894 maandishi ya Kichina ndiyo yaliyotawala katika ofisi za Korea, ijapokuwa wenyewe walikuwa na herufi zao zilizotangazwa tangu mwaka 1446. Lakini nyumbani Mkorea ana maneno yake ya asili: busuda, kuvunja kitu kikawa vipande, na muneotteurida, kukiangusha kilichosimama. Kamusi humpa neno la ofisini kwa mambo ambayo mama yake angeyasema kwa neno la jikoni. Katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, mjini Seoul, wako vijana wanaosoma Kiswahili. Naamini vijana hao, wakionyeshwa kuwa haribu na vunja wanahusiana karibu kama pagoehada na busuda, wangelielewa jambo hili upesi kuliko wengi wetu.

Basi hapa pana jambo la kuangaliwa. Lugha tatu zisizo na undugu, yaani Kiswahili, Kiingereza na Kikorea, zimebaki na vitenzi vyake vya asili kwa kuvunja chungu na kukata fimbo, lakini kitenzi kikubwa cha uharibifu kila moja ilikipokea kwa wageni: Waarabu, Wafaransa, Wachina. Nadhani sababu haiko mbali. Chungu huvunjika katika kila nyumba, na hapana haja ya kuazima neno. Uharibifu wa mji ni habari ya wanaoandika: makadhi, makarani, wafasiri wa vitabu vya dini. Neno lilikuja na kalamu.

Hata hivyo sidai kwamba hiyo ni kanuni ya lugha zote, maana Kichewa chenyewe kinaipinga papo hapo. Mchewa husema kuononga, nalo ni neno la Kibantu tupu, lina ndugu zake katika Kirundi, ambako husemwa kwonona, na hata kusini kabisa, kwa Wazulu, ambako kilichoharibika husemwa kuwa kimeonakala. Katika usemi wa kawaida wa pwani ndugu huyo hasikiki; mahali pake pamekaliwa na haribu. Mrundi aliyefika Dzaleka akijua Kiswahili cha sokoni husikia kuononga akadhani amerudi kwao. Na upana wake ni ule ule wa haribu: katika Kichewa hata fedha zilizotumika kwa haki husemwa kuwa zimeonongedwa, jambo ambalo humshtua mgeni asomapo hesabu za kikundi chake kwa mara ya kwanza.

Sasa tugeukie utajiri ulio chini ya neno hilo pana, kwani hapo ndipo penye kazi ya mwalimu. Lugha za Kibantu zina kauli ambayo walimu huiita ya kutendua. Funga ikapata fungua, ziba ikapata zibua, panga ikapata pangua, fuma ikapata fumua, ezeka ikapata ezua. Bomoa ni wa ukoo huo kwa umbo lake, ingawa kitenzi alichotokana nacho hakitumiki tena. Wengi huhisi kwamba ndani ya bomoa mna neno boma. Yawezekana, lakini kufanana kwa sauti si ushahidi, na tusilifundishe kama kwamba limethibitishwa. (Neno boma lenyewe lilisafiri hadi Malawi pamoja na utawala wa kikoloni, na katika Kichewa limekuwa jina la Serikali. Mkimbizi aliyebomolewa kwao, sasa huambiwa asubiri jawabu la boma.)

Vitenzi vya namna hii vina kumbukumbu ndani yake. Asemaye "waliibomoa" amekwisha kusema kwamba kulikuwa na kitu kilichojengwa, na kwamba kilishushwa sehemu kwa sehemu, kwa mikono au kwa mashine. Asemaye "waliiezua" amesema kuwa paa liliondolewa na kuta zikabaki. Kirundi na Kinyarwanda vina jozi hiyo hiyo: gusakara ni kuezeka, gusambura ni kuezua, ijapokuwa gusambura limepanuka hata kuwa kubomoa nyumba nzima. Mchewa husema kusasula upepo unapoondoa paa, na kugumula ukuta unapoangushwa. Na mwezi wa Machi 2023, Kimbunga Freddy kilipoporomosha vilima vya Blantyre na wilaya za jirani na kuua mamia ya watu, kugumuka lilikuwa neno la kila kinywa. Haribu lisingetosha kueleza habari ile.

Hapa yafaa niseme neno juu ya Kiswahili cha Wakongo, kwa maana walimu wengi wa pwani wakikisikia husema, tena kwa kitenzi chetu hiki hiki, kwamba Wakongo wamekiharibu Kiswahili. Ushahidi unaotolewa kwanza aghalabu ni l: Mkongo husema kufungula badala ya kufungua, kubomola badala ya kubomoa. Lakini kiambishi cha zamani cha kutendua kilikuwa nayo l hiyo, kama Kichewa kinavyoonyesha hadi leo katika kugumula na kusasula. Ni Kiswahili cha pwani kilichoiacha. Kiswahili kilipopelekwa Maniema na wafanyabiashara wa karne ya 19, na baadaye kikakua katika migodi ya Katanga, kilijikuta kati ya lugha zilizoitunza l, na haishangazi kwamba huko l imesimama. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu ulifanya kazi njema kwa vitabu vya shule. Haukutoa hukumu kwamba lahaja nyingine ni magofu. Mwalimu ana haki ya kumfundisha mtoto wa Dzaleka kuandika kubomoa katika mtihani. Hana haki ya kumwambia kuwa bibi yake aliharibu lugha.

Neno magofu limenijia, na halina budi kuelezwa. Kiswahili hakiishii kwenye kitenzi. Kina majina ya kile kinachobaki. Gofu ni jengo ambalo kuta zake zingali zimesimama. Ganjo au mahame ni mahali palipohamwa, pengine pasiwe na ukuta wowote, ila miti ya matunda na vigae. Watu wa pwani waliyahitaji maneno hayo mapema. Kilwa na Mombasa zilishambuliwa na kuporwa na Wareno chini ya Francisco de Almeida mwaka 1505, na fahari ya Pate iliyoporomoka ndiyo iliyompa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kisa cha utenzi wake wa Al-Inkishafi. Mwenye kulitaja gofu amejibu swali ambalo kitenzi hakikulijibu.

Nimeliacha mwisho neno lililo zito kuliko yote, kuangamiza. Kuvunja hudai kitu kizima. Kubomoa hudai kitu kilichojengwa. Kuteketeza kwa kawaida hudai moto. Kuangamiza hudai uhai, au jambo linalohesabiwa kama uhai: watu, kabila, jeshi, mji pamoja na wakazi wake. Tofauti hii si ya wanazuoni tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1948 juu ya mauaji ya kimbari, katika ibara yake ya pili, umejengwa juu ya kitenzi hicho hicho cha Kiingereza tulichoanza nacho: nia ya kulitenda jambo hilo kwa kundi la watu, lote au sehemu yake. Maelezo hayo ndiyo yaliyowekwa katika sheria ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoundwa mwezi wa Novemba 1994 na kufanya kazi yake Arusha. Mfasiri akiweka hapo "kuharibu kundi", amefasiri kama kamusi ya shule ilivyomfundisha, lakini msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba kundi lilipotoshwa tabia, au lilivurugwa mikutano yake. Lazima aandike kuangamiza. Kiingereza kinaweza kutumia neno moja kwa daraja na kwa ukoo, Kiswahili hakikubali.

Katika Dzaleka tofauti hiyo huingia ndani ya jalada la mtu. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo Desemba 1987, ikiweka masharti yake juu ya kazi, makazi na mambo mengine, kisha ikatunga Sheria ya Wakimbizi mwaka 1989. Kwa masharti hayo ni vigumu kwa mkimbizi kufanya kazi au kukaa nje ya kambi, na mwaka 2023 jambo hilo lilitiliwa nguvu: mwezi wa Machi Serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, na mwezi wa Mei polisi wakaanza kuwakusanya, hata katika jiji la Lilongwe, ambako wengine walikuwa na maduka. Lakini hata ukimbizi wenyewe haupatikani kwa kuomba tu. Mtu huhojiwa. Husema kwa Kiswahili, mkalimani hufasiri, na jalada huandikwa kwa Kiingereza. Mwongozo wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, uliotolewa mwaka 1979, unaelekeza kwamba maelezo ya mwombaji yakioana na kuaminika, shaka iliyobaki ihesabiwe upande wake. Neno la kuangaliwa ni "yakioana". Mtu huyo huyo anaweza kuhojiwa mara ya pili baada ya miaka, kwa mkalimani mwingine, pengine kwa kuwa nchi ya tatu inafikiri kumpokea.

Tuseme mwanamke wa Kivu ya Kusini amesema mara zote mbili sentensi ile ile, "nyumba yetu waliiharibu". Mkalimani wa kwanza ameandika kwa Kiingereza kwamba nyumba ilitenguliwa kabisa. Wa pili ameandika kwamba ilipata hasara. Majalada mawili yanagombana, wala mwanamke hakubadili neno hata moja. Mfano huu nimeutunga, lakini kila mwenye kufasiri kati ya lugha hizi mbili anajua jinsi ulivyo rahisi kutokea, kwani haribu hubeba maana zote mbili na mkalimani hulazimika kuchagua. Lililo salama ni kuuliza kabla ya kuandika: kuta zilibaki? Walichoma au walibomoa? Mliweza kulala humo tena? Hapo mwanamke atasema mwenyewe "waliiteketeza" au "waliiezua mabati, kuta zipo", na Kiingereza kitapata neno lake bila kubahatisha.

Kwa hiyo darasani, kwa maoni yangu, kitenzi hiki kisifundishwe peke yake kamwe. Kifundishwe pamoja na kitu kinachotendwa. Mwalimu alete chungu, fimbo, mkeka na kitambaa kikuukuu, au avichore ubaoni, kisha aulize kila mtu kwa lugha yake. Mchewa atasema chungu ni kuswa, fimbo ni kuthyola, kitambaa ni kung'amba. Mrundi atasema chungu ni kumena, fimbo ni kuvuna. Mswahili ataona kwamba yeye husema kuvunja kwa chungu na kwa fimbo sawasawa, kama Mwingereza afanyavyo, lakini mkeka ataufumua na kitambaa atakirarua. Wanafunzi wataona kwamba hakuna lugha iliyo tajiri kila mahali. Baada ya hapo ndipo nyumba iletwe ubaoni, na paa lake, na kuta zake, na watu waliomo, na kila sehemu ipewe kitenzi chake. Neno haribu lije mwisho, lipewe kazi yake halali: saa iliyosimama, maziwa yaliyochacha, tabia iliyopotoka, na yale yote ambayo msemaji hataki, au hawezi bado, kuyaeleza kwa urefu.

Kazi hii itakuwa na wanafunzi wapya. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwezi wa Agosti 2019, katika mkutano wa Dar es Salaam, na mwezi wa Julai 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoitembelea Malawi, Lazarus Chakwera, aliyekuwa Rais wa nchi hiyo wakati huo, alitangaza nia ya kukiingiza Kiswahili katika shule zake. Wachewa watakaojifunza watataka kujua kuononga ni nini kwa Kiswahili, nao wataambiwa haribu, na watakuwa wameambiwa sawa. Swali lao la pili litakuwa juu ya kugumula. Huko Dowa, kilomita chache tu kutoka barabara ya Lumbadzi, wako maelfu ya watu wawezao kuwajibu, na wengi wao watajibu "kubomola".